Laptopu imeshika waifai lakini intaneti hakuna: tafuta kwanza njia imekatikia wapi

Kuna dada mmoja mwanafunzi wa chuo aliniletea laptopu yake jioni moja, akaiweka mezani akasema kaka, hii imeshapigwa Windows mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kila ikipigwa inakaa siku mbili tatu vizuri alafu ugonjwa unarudi ule ule, waifai inashika, alama ipo pale chini, ila nikifungua brauza hakuna kinachofunguka. Kila mara alilipa 20,000, na ile mara ya pili ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilifutika yote kwa sababu aliyempigia Windows hakuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Tatizo lenyewe nilikuja kulitoa kwa kuzima kitufe kimoja, nitakieleza huko mbele. Nimeanza na hiyo kwa sababu inaniuma kweli, watu wanapoteza hela na kazi zao kwa kitu ambacho mara nyingi hakihitaji fundi, kinahitaji mtu atulie nusu saa afuatilie njia kuanzia kwenye laptopu mpaka nje aone imekatikia wapi.

Maana waifai na intaneti ni vitu viwili. Waifai ni ile safari fupi ya hewani kutoka kwenye laptopu yako mpaka kwenye ruta hapo sebuleni, basi. Kutoka kwenye ruta kwenda nje ndio intaneti. Ni kama bomba la ndani na maji ya mgao, unaweza ukawa na bomba zuri, koki mpya, mabomba yote yameunganishwa mpaka kwenye tenki, ukifungua inatoka hewa kwa sababu maji hayajaja mtaani. Sasa laptopu ikikwambia "Connected, no internet" au "No internet, secured" inamaanisha bomba la ndani limeungwa ila maji hayafiki. Hapo ukianza kuvunja ukuta wa bafuni utakuwa umekosea pa kuanzia.

Mfano wangu hapa ni Windows 10 na 11 maana ndio zinazotumiwa na wengi, wa mashine nyingine mantiki ni ile ile ila majina ya vitufe yanabadilika.

Anza na simu, laptopu usiiguse kwanza

Chukua simu yako iunge kwenye waifai ile ile, alafu ZIMA DATA ya simu. Hii ya kuzima data watu wengi wanairuka na ndio inawapoteza, simu ina akili, ikiona waifai haina intaneti inarudi kimya kimya kwenye bando la laini, wewe unaangalia video inacheza unasema aaa waifai iko poa, tatizo ni laptopu. Kumbe unakula bando lako. Zima data, fungua kitu ambacho hujakifungua leo (sio ukurasa uliokuwa umeshafunguka), uangalie.

Kama simu nayo haipati, laptopu yako ni nzima na tatizo liko kwenye ruta au nje ya nyumba. Angalia bando la ruta kwanza, najua ni jambo dogo ila hizi ruta za laini kifurushi kikiisha waifai inaendelea kuwaka kama kawaida, taa zote zipo, intaneti hamna. Kama ni faiba angalia taa iliyoandikwa LOS, ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa, waya umekatika mahali au umepindwa sana, hapo ni kupiga simu kwa waliokufungia. Na kuna siku tatizo liko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na nchi nyingi za ukanda wetu zikapoteza intaneti au ikawa inatambaa, Tanzania ikiwemo. Siku kama ile ungeweza kupiga Windows mara kumi na usipate kitu. Kwa hiyo kabla ya yote muulize jirani au mwenzako wa mtaa mwingine kama kwake iko sawa.

Kama simu inapata na data imezimwa, basi ni laptopu, au ni laptopu na ruta hiyo hawaelewani. Hapo geuza jaribio, washa hotspoti kwenye simu uiunge laptopu. Ikipata intaneti kwenye hotspoti, kadi ya waifai ni nzima, draiva (programu ndogo inayoiendesha hiyo kadi) ni nzima, brauza ni nzima, ugomvi wao ni na ile ruta tu. Isipopata hata kwenye hotspoti, ugonjwa uko ndani ya laptopu. Majaribio haya mawili hayazidi dakika tano na yameshakupunguzia nusu ya kazi.

Ila tahadhari ya bando, Windows ikiona hotspoti inaweza kuanza kushusha apdeti na ikakumalizia GB zote ukiwa unasoma hapa. Ukishaunga tu nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, bonyeza jina la hiyo hotspoti kwenye properties, washa "Metered connection". Ukishaiwasha apdeti nyingi zinasubiri.

Zima na washa, ila kwa mpangilio

Wengi wanazima na kuwasha vibaya. Anza na ruta, ichomoe kwenye umeme kabisa, hesabu kama nusu dakika, chomeka, subiri taa zitulie (nyingine zinachukua dakika mbili tatu), ndio uende kwenye laptopu. Na kwenye laptopu chagua "Restart", usichague "Shut down". Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima kwa "Shut down" mashine inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka kesho, maana yake draiva iliyokuwa imechanganyikiwa inalala na kuamka nayo ikiwa imechanganyikiwa vile vile. "Restart" ndio inaanza upya kweli. Nimeona watu wanazima laptopu kila usiku wiki nzima na tatizo lipo, wakiristati mara moja linaisha.

Ukiwa hapo hapo angalia pia kitufe cha ndege (Airplane mode) kisiwe kimewashwa, alafu sahau ile waifai uiunge upya, bonyeza kulia jina lake chagua "Forget", kisha weka pasiwedi upya. Kama pasiwedi ilibadilishwa na wenye nyumba hivi karibuni utajua hapa.

Sasa soma namba ya IP, hapa ndipo ukweli ulipo

Kwenye sehemu ya kutafutia andika cmd, ifungue, itakuja ile skrini nyeusi. Usiiogope, haiharibu kitu kwa kuandika haya:

ipconfig

Piga enter. Itatoa maneno mengi, wewe tafuta sehemu iliyoandikwa "Wireless LAN adapter Wi-Fi" (kuna nyingine zina maneno yanayofanana ila zimeandikwa "Media disconnected", ziache). Ndani yake angalia mistari miwili, "IPv4 Address" ambayo ndio namba ya laptopu yako, na "Default Gateway" ambayo ndio namba ya ruta, yani mlango wa kutokea.

Kawaida kwenye ruta za nyumbani namba inaanza na 192.168, kwa mfano 192.168.1.7 au 192.168.0.12, na mlango ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiwa kwenye hotspoti ya iPhone utaona 172.20.10 na kitu. Zote hizo ni sawa, maana yake ruta imekupokea imekupa namba ya kukaa.

Ukiona inaanza na 169.254 simama hapo hapo, umeshapata tatizo. Hiyo namba haijatoka kwenye ruta, laptopu imejipa yenyewe. Ilibisha hodi, ikaomba namba, hakuna aliyeitikia, ikaamua kujipangia. Na kwa namba hiyo haiwezi kwenda popote, ndio maana unaona imeshika lakini hakuna kitu. Sababu za hodi kutoitikiwa ninazokutana nazo ni hizi.

Ya kwanza, ruta imejaa. Hizi ruta ndogo za mfukoni zina kikomo cha vifaa, nyingi ni 10 hivi, sasa nyumba ya watu watano kila mtu na simu, weka tivii, weka simu za wageni waliokuja Jumapili zikabaki kukumbukwa, laptopu yako inakuja ya 11 inabaki nje. Zima waifai kwenye simu mbili, ristati ruta, jaribu tena.

Ya pili, kuna mtu alikwenda kwenye setingi za ruta akaweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa ili majirani wasiibe, na wewe haumo. Na hapa kuna mtego, Windows 10 na 11 zina setingi ya "Random hardware addresses" inayofanya laptopu itumie utambulisho wa kubuni badala ya ule halisi wa kadi yake, ikiwashwa basi hata kama ulishaandikwa kwenye orodha unaonekana mgeni. Izime kwa hiyo waifai ya nyumbani.

Ya tatu ni mawimbi dhaifu tu. Alama ina mstari mmoja, uko chumba cha mwisho, ukuta wa tofali mbili katikati, laptopu inasikia ruta ila ruta haiisikii laptopu vizuri. Sogea karibu ujaribu kabla hujafanya lolote kubwa.

Dawa ya haraka ya 169.254 ni kuiambia laptopu irudishe namba na iombe upya:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ya pili ikikaa muda mrefu alafu ikaleta ujumbe kwamba imeshindwa kuwasiliana na seva ya DHCP (yani mgawaji wa namba, kwa nyumbani ni ruta), basi rudi kwenye hizo sababu tatu hapo juu.

Kuna hali nyingine ambayo namba inaonekana nzuri ila sio ya hapo. Mfano ruta yako ni 192.168.1.1 ila laptopu inaonyesha 10.10.5.40, na kila ukirelease hairudi. Hii ni laptopu iliyotoka ofisini au uliyonunua kwa mtu aliyekuwa anaitumia ofisini, watu wa IT waliiwekea namba ya kudumu. Ni kama mtu kahamia Tanga bado anatoa anwani ya Mbeya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, enter, bonyeza kulia Wi-Fi, "Properties", chagua mstari wa "Internet Protocol Version 4" alafu "Properties" tena, weka zote mbili kwenye "automatically", yani namba yenyewe na DNS (hii nitaieleza huko mbele), OK, OK. Kama laptopu ni mali ya kazini bado, waulize kwanza waliokukabidhi, namba ile inaweza kuwa ina sababu yake.

Ngazi ya ping

IP ikiwa nzuri na bado hamna intaneti, tunapanda ngazi hatua kwa hatua kwa ping, yani kuita namba fulani na kusubiri kama itaitikia. Kwenye ile skrini nyeusi andika ping na namba ya mlango wako uliyoiona:

ping 192.168.1.1

Ikijibu "Reply from" mara nne, safari ya kwenda kwenye ruta iko salama. Ikisema "Request timed out" au "Destination host unreachable" basi hata kwenye mlango wa nyumba hufiki, tatizo ni la hewani au la namba, rudi juu. Ikijibu mara mbili na kukosa mara mbili hiyo ni mawimbi, sogea karibu.

Alafu:

ping 8.8.8.8

Hiyo ni namba ya seva ya Google iliyo wazi kwa dunia nzima tangu 2009, iko macho muda wote ndio maana mafundi tunaipenda. Ikijibu, hongera, INTANETI IPO, data inatoka nyumbani kwako inarudi, na chochote kilichobaki ni jambo la majina au la programu. Isipojibu wakati ruta inajibu, njia imekatikia baada ya ruta, tatizo ni bando, mtoa huduma au waya. Ila kumbuka baadhi ya ofisi na vyuo wanazuia ping kwa makusudi, kwa hiyo ukiwa huko kutojibu peke yake sio ushahidi.

Ya tatu:

ping google.com

Kama 8.8.8.8 ilijibu alafu hii ikasema "could not find host", hiyo ni DNS moja kwa moja na huna haja ya kutafuta kwingine.

DNS ni kama majina kwenye simu yako. Ukitaka kumpigia mama unabonyeza "Mama", simu ndio inajua namba. Kompyuta nazo zinapigiana kwa namba, wewe unaandika jina, DNS inaenda kutafuta namba. Ikifa, unabaki na laini nzuri, salio unalo, ila hukumbuki namba ya mtu yeyote. Dawa yake, rudi kule ncpa.cpl kwenye "Internet Protocol Version 4", acha namba ya IP ijitafute yenyewe ila kwenye DNS andika 8.8.8.8 ya kwanza na 1.1.1.1 ya pili (hii ya pili ni ya Cloudflare, ilianza 2018). Kisha kwenye skrini nyeusi:

ipconfig /flushdns

ili isahau majibu ya zamani. Fungua brauza upya.

Nikupe angalizo ambalo lilishawahi kumsumbua rafiki yangu wiki nzima. Ukishaweka DNS kwa mkono namna hii alafu ukaenda hotelini au chuoni, ule ukurasa wa kuingiza jina na pasiwedi unaweza usitokee kabisa, kwa sababu mtandao wao unategemea laptopu yako iulize majina kwao ili wakupeleke kwenye ukurasa wao, na wewe unauliza kwa Google. Ukifika sehemu ya hivyo rudisha kwenye "automatically", ukishaingia fanya utakavyo.

Hata bila hilo, ule ukurasa wa kuingia ni sababu kubwa ya "no internet" sehemu za umma. Umeunga, hakuna kilichotokea, unadhani mbovu. Andika neverssl.com kwenye brauza, ni tovuti iliyotengenezwa makusudi bila ulinzi wa https ili mtandao uweze kukukamata na kukuonyesha ukurasa wa kuingia. Ikishindikana andika ile namba ya mlango, mara nyingi ukurasa unakuja.

Na ujue hivi, ile alama ya "No internet" ni maoni ya Windows tu. Kila ukiunga mtandao inaenda kuomba kifaili kidogo kwenye seva ya Microsoft, www.msftconnecttest.com, ndani yake kuna maneno "Microsoft Connect Test". Ikikipata inasema intaneti ipo, isipokipata inasema hamna. Sasa kama kuna kitu kimezuia kifaili hicho tu, alama itakwambia hamna na huku kila kitu kinafunguka. Kwa hiyo usiiamini alama kuliko ping, jaribu kwanza kufungua kitu.

Ping zote zinajibu ila brauza imegoma

Hapa ndipo ilipokuwa laptopu ya yule dada. Nilipiga ping kwenye ruta ikajibu, 8.8.8.8 ikajibu, google.com ikajibu, zote tatu, ila Chrome haifungui kitu. Nikamuuliza, dada ukishapigiwa Windows mpya unaweka programu gani? Akazitaja, ya kuandikia, ya kusomea PDF, alafu kuna moja ya intaneti ya bure ambayo wenzake wa hosteli walimpa kwenye flashi. Basi. Programu za namna ile zinaweka proksi, yani zinaiambia Windows kwamba kila ukurasa usipite njia ya kawaida upite kwangu kwanza, kwenye 127.0.0.1, ambayo ni laptopu yenyewe. Programu ikifungwa au ujanja wake ukiisha nguvu, lile agizo linabaki. Brauza inaendelea kubisha kwenye mlango ambao nyuma yake hakuna mtu. Ping haipitii proksi ndio maana yenyewe ilikuwa inajibu vizuri. Na Windows ilipopigwa upya ilipona kwa siku mbili tatu, mpaka siku aliporudisha ile programu.

Nenda Settings, Network & internet, Proxy. Kwenye "Use a proxy server" zima. Windows 11 ina sehemu ya "Manual proxy setup", bonyeza hapo ndani ndio utaona kitufe. Zima pia "Use setup script" kama imewashwa na hujui ni ya nini. Alafu nenda ukaiondoe programu yenyewe, ukiiacha itawasha tena. Kama uko kwenye mtandao wa kazini unaotumia proksi halali usizime, hiyo ndio njia yao.

Ndugu wa proksi ni VPN, programu inayopitisha intaneti yako yote kwenye njia yake ya siri. VPN nyingi zina kitu cha kukata intaneti yote pale VPN inapokatika, ili usitoke bila ulinzi. Ni kitu kizuri kwa anayekijua, ila kama VPN ya bure imegoma kuunga na hicho kitu kimewashwa, unabaki gizani na huelewi kwanini. Ifungue uzime hicho kitufe au iondoe VPN yenyewe kabisa. Antivairasi mbili kwenye mashine moja nazo zinafanya haya haya, kila moja ina ukuta wake wa moto (firewall) na zinazibiana, bakiza moja.

Alafu tarehe. Tafadhali angalia saa pale kona ya chini. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu ni zilizotumika, zinatoka Ulaya, Marekani au Dubai zikiwa zimeshakaa miaka, na kile kibetri kidogo cha ubaoni kinachotunza saa (nyingi zinatumia CR2032 ya volti 3) kinakuwa kimekufa. Betri kubwa ikiisha kabisa saa inarudi miaka kadhaa nyuma. Tovuti za https zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na kuisha, laptopu ikidhani tuko 2016 inaona vyeti vyote ni batili, inakataa. Utaona ujumbe wa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID au kwamba saa yako iko nyuma. Rekebisha tarehe na weka saa za eneo lako, Dar na Nairobi ni UTC+03:00. Kibetri kipya ni hela ndogo sana.

Kusafisha mfumo wa mtandao bila kufuta chochote chako

Kama yote hayo umepita na bado, kuna usafi mkubwa unaofanya kazi nusu ya ile unayolipia kupiga Windows na faili zako hauzigusi. Tafuta cmd, ila sasa bonyeza kulia chagua "Run as administrator", andika moja moja:

netsh winsock reset
netsh int ip reset
ipconfig /flushdns

Kisha "Restart". Hizi zinarudisha kwenye hali ya mwanzo zile sehemu za Windows zinazoongea na mtandao, ambazo programu nyingine zikiondolewa vibaya zinaziacha zimechanika.

Ikishindikana kuna kubwa yake, "Network reset", kwenye Windows 11 iko Settings, Network & internet, Advanced network settings, na Windows 10 iko chini kabisa kwenye Status. Hii inaondoa kadi zote za mtandao na kuziweka upya, na inasahau waifai zote pamoja na pasiwedi, kwa hiyo kabla hujaibonyeza zinakili. Pasiwedi ya waifai unayoitumia unaiona hivi, ukiweka jina lake:

netsh wlan show profile name="JinaLaWaifai" key=clear

Tafuta mstari wa "Key Content". Ukibonyeza reset mashine itajiristati yenyewe baada ya dakika tano, hifadhi kazi zako.

Draiva, na waifai inayopotea kabisa

Kama tatizo ni kwamba waifai inakatika kila baada ya muda mfupi, au ikitoka kulala haipati mtandao, au kitufe cha waifai hakipo kabisa, hapo tunaongelea draiva. Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua "Network adapters", utaona jina la kadi yako, Intel, Realtek, Qualcomm, Broadcom au MediaTek. Ikiwa na pembetatu ya njano ina shida. Kama tatizo lilianza baada ya apdeti bonyeza kulia, "Properties", "Driver", "Roll Back Driver" ikiwa inabonyezeka. La sivyo chagua "Uninstall device" alafu ristati, Windows itaiweka yenyewe. Usiweke tiki kwenye kufuta draiva yenyewe kama huna nyingine mkononi.

Na swali la kila mtu, nitapakuaje draiva wakati sina intaneti? Chomeka simu kwa waya wa USB, kwenye simu washa "USB tethering", laptopu itapata intaneti ya simu kupitia waya bila kuhitaji waifai. Ingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, weka modeli kamili, chukua ya waifai. Zile programu za kutafuta draiva zote kwa mpigo ziache, nyingi zinaleta matangazo na vitu usivyovihitaji.

Ya kukatika kila saa, kwenye "Properties" hizo hizo kuna "Power Management", toa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Laptopu mpya nyingine hazina hiyo sehemu, ni kawaida.

Kama laptopu haioni jina la waifai ambalo simu inaliona, andika netsh wlan show drivers uangalie "Radio types supported". Ukiona 802.11b, g na n tu bila nyingine, kadi yako inajua mawimbi ya 2.4GHz peke yake na hiyo waifai huenda ni ya mawimbi ya 5GHz, unga ile nyingine ya ruta hiyo hiyo. Pia laptopu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani nyingi hazisikii chaneli ya 12 na 13, ukiingia kwenye ruta weka 1, 6 au 11. Na ruta mpya iliyowekwa WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa waifai) peke yake inazikataa laptopu za zamani, weka WPA2/WPA3 zote mbili.

Kama kadi haionekani popote au waifai inashika kwa shida hata baada ya hayo, na laptopu ilifunguliwa hivi karibuni kubadilishwa kibodi au kusafishwa feni, mara nyingi zile nyaya mbili ndogo za antena, nyeusi na nyeupe, hazikurudishwa, au kadi imelegea kwenye kiti chake. Dalili ya antena ni waifai kushika ukiwa umeikumbatia ruta tu. Hapo ndio pa kwenda kwa fundi, na ukienda mwambie ulichokwisha kupima, simu inapata au haipati, IP inaanza na ngapi, ping imeishia wapi, mwandikie kwenye karatasi. Kadi ikiwa imekufa kweli kuna vile vikadi vya waifai vya kuchomeka kwenye USB, unachomeka unaendelea na kazi, na Windows yako pamoja na kila ulichokiandika ndani yake vinabaki vilivyo.